Mkono na Panga Lake

9 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, na mume wangu ameondoka leo asubuhi. Sijui nianze na lipi.

Nianze na mvua, maana yenyewe haiumi. Mimi na mwenzangu kazi yetu ni kufyeka viwanja vya watu. Nyasi, vichaka, ua wa miiba uliopitiliza, vyote tunavimaliza kwa panga. Masika yakikaza kidogo tu, mtaa mzima unageuka pori na kila mwenye nyumba anatutafuta kama tumekimbia na funguo zake. Kwa hiyo mvua ya kwanza huwa tunaifurahia. Mwaka jana alitoka nje akasimama kwenye matone akifungua mikono, mtu mzima hovyo.

Leo alikunywa chai yote, akaosha kikombe chake. Hajawahi kuosha kikombe tangu anioe. Nikajua kuna jambo.

"Mwenzangu," akasema, "nipe masika haya nifikirie."

"Ufikirie nini?"

"Nimechoka kukata. Kila siku kukata, kukata. Kule kwake vitu vinaota."

Kule kwake ni kwa mama wa kitalu, yule anayeuza miche kando ya barabara ya chini. Nilikuwa nahisi tayari. Mwanamume asiye na hata kiraka cha ardhi akianza kuleta miche ya malimau nyumbani, jiulize. Uani kwetu hapaenei hata ndoo mbili.

"Masika yakiisha nitakuja mwenyewe," akasema. "Nitakuambia kama narudi au sirudi."

Mimi, ninayegombana na muuza nyanya kwa nyanya moja iliyobonyea, nilisema nini? Nilisema, "Haya." Kisha nikakaa nikisikiliza mvua kwenye bati mpaka ugali ukaungua.

Ameondoka na mapanga yote mawili, lake na langu.

11 Machi

Mvua. Sikutoka.

12 Machi

Wifi yangu amekuja, dada yake yule bwana, anakaa nyumba ya pili kutoka hapa. Ameleta viazi vya kuchemsha na machozi. Amelia kuliko mimi, ikabidi nimbembeleze mimi mwenye msiba.

"Atarudi, wifi yangu. Mume ni wako. Yule mwanamke kaazima tu."

"Kaazima bila kuniuliza?"

"Jikaze kisabuni. Masika hayadumu."

Tukacheka kidogo, kisha tukala viazi. Nampenda wifi yangu. Nisingekuwa naye sijui ningemwambia nani.

14 Machi

Mwalimu mstaafu aliyenifundisha zamani ametuma salamu: nyasi zimefika dirishani, njooni. Njooni, wengi. Hajasikia.

Nikatafuta panga la kuazima, sikupata, masika kila mtu analo mkononi. Basi nikaenda dukani kununua, na njiani ndipo nilipogundua kwamba sijawahi kununua panga maishani. Miaka yote hii nakata nyasi za watu, nimekuwa navaa mapanga ya kurithi kama kitinda mimba na mashati ya kaka zake. Yeye ananunua jipya, analinoa, likishaliwa na tupa likawa jembamba ananipa mimi. Sikuwahi kuuliza. Lilikuwa jepesi, linakata, nikadhani mambo ndivyo yalivyo.

Mwenye duka la vifaa tunamwita Sijui. Utaona kwa nini.

"Hili chuma chake kikoje?"

"Sijui."

"Na hili fupi ni la kazi gani?"

"Sijui, mama. Watu wananunua tu."

"Wewe unauza usichokijua?"

"Nauza na misumari, sijawahi kuwa ukuta."

Nikaangalia mapanga yaliyoning'inia. Nikachukua linalofanana na lake: refu, zito, pana mbele. Nilidhani panga lenyewe ndilo hilo, mengine ni ya kuchezea.

15 Machi

Panga jipya halikati. Ebo! Linatoka dukani butu kama kijiko, kumbe mwenzangu alikuwa analinoa kabla halijanifikia. Nimezipiga nyasi za mwalimu siku nzima. Zimelala, zimeinuka.

16 Machi

Nimenunua tupa. Nimenoa mpaka vidole vimeota malengelenge. Sasa linakata, lakini kila ninapolirusha linanivuta nalo, bega linataka kutoka. Linakata kwa ajili yake mwenyewe, mimi nimeshikilia tu.

17 Machi

Kifundo cha mkono kimevimba. Naandika kwa shida, sitaandika sana.

20 Machi

Nimerudi kwa mwalimu, mkono nimeufunga kitambaa. Nilimaliza uwanja wote, nikakaa barazani kunywa maji. Mwalimu akatoka na miwani yake, akatazama, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena.

"Mwanangu," akasema, "uwanja wangu umeunyoa kiduku?"

Nikageuka. Kumbe nyasi zimesimama katikati, mistari mirefu kutoka ukuta mpaka ukuta. Nimekata mstari mmoja, nimeacha mmoja, nimekata mmoja, nimeacha mmoja. Na kila nilioacha una upana wa mtu anayefyeka.

Tulikuwa tunafyeka bega kwa bega, yeye kulia kwangu. Tukifika ukutani tunageuka pamoja, na mimi naruka upana wake kwa sababu huo ni wake, ameshaukata. Miguu yangu imezoea. Siku nzima nimekuwa nikigeuka na kumwachia nafasi, na sikuona kwamba hayupo.

Nililia pale barazani mbele ya mteja, kwa sauti. Mwalimu alikaa kando yangu. Alisubiri nikanyamaza, ndipo akauliza, "Yuko wapi?" Nikamwambia. Akasema, "Hiyo mistari iache leo. Utakuja kuimaliza mkono ukipona." Ni mwanamke mkali, wanafunzi wake wa zamani mpaka leo wakimwona wanachomekea mashati. Sikutegemea.

25 Machi

Mvua. Mkono bado.

2 Aprili

Nimelibadilisha lile jitu kwa seremala mmoja mrefu, kanipa lake dogo la kipini cha plastiki chekundu. Jepesi, zuri, linang'aa. Nimefurahi kama nimepata kiatu.

4 Aprili

Furaha ya kipini chekundu imeishia leo. Mvua ilinikuta kwa mwalimu nikikata tawi. Mkono umelowa, plastiki imelowa, nikarusha, na panga likaenda zake. Sikuliona likitoka. Nilisikia tu *kop!* nikainua macho, limesimama kwenye mlango wa stoo, linatetemeka, na mwalimu yuko hatua chache pembeni na ndoo yake.

Hakupiga kelele. Akalitazama panga, akanitazama.

"Mwanangu, kama ni ada ya miaka ile ya shule bado inakuuma, sema tuzungumze."

Nikacheka mpaka nikakaa kwenye matope. Kisha nikalitazama tena lile panga mlangoni. Ningemwua mtu. Ningemwua kwa sababu nilipenda rangi.

5 Aprili

Nimekaa na kufikiri. Sio kuhusu yeye, angalau mara hii. Kuhusu panga. La kwanza nilichagua la mkono wa mtu mwingine. La pili nilichagua kwa macho. Sijachagua la mkono wangu.

6 Aprili

Nimeshinda dukani kwa Sijui. Nimeyashusha mapanga yote, yeye kakaa kwenye debe la rangi akinitazama kama sinema.

Naandika nilichokiona, nisije nikasahau. Ukisimama na mkono umening'inia na panga ndani yake, ncha isipite kifundo cha mguu. Ikipita, iko siku itakukata mwenyewe. Kipini ukikifumbata, vidole vikaribie kiganja lakini visikiguse: vikigusa, kitazunguka mkononi, vikiwa mbali, mkono utachoka kabla ya saa nne. Mbao, si plastiki, na misumari ya kipini ikae sawasawa na mbao, isichomoze. Ulipinde kidogo kwa ncha chini: lirudi lilivyokuwa. Likibaki limepinda, chuma ni bati. Uligonge kwa ukucha: liimbe, lisikohoe. Jembamba na jepesi kwa nyasi, nene na fupi kwa kuni, lenye ncha iliyopinda kwa magugu yaliyojificha chini ya ua.

Nimechagua la urefu wa kati, jembamba, ncha imepinda kidogo. Nililishika nikalirusha hewani mara moja na Sijui akaruka kutoka kwenye debe. Mkono haukuuma.

"Hilo ndilo zuri?" akauliza.

"Kwangu."

"Na kwa mtu mwingine?"

"Sijui," nikamwambia. Alicheka mwenyewe.

10 Aprili

Linakata vizuri mno. Nilitaka kumwonyesha. Nilifika mpaka mlangoni na maneno mdomoni.

13 Aprili

Wifi kasema kaka yake ana kikohozi, kule kitaluni kuna unyevu. Kasema aliniulizia. Nikamtumia tangawizi. Ndiyo, nilimtumia. Anayenicheka anicheke.

19 Aprili

Mvua usiku na mchana. Nilizoea kuomba masika yaishe haraka aje. Leo nimejikuta naomba hivyo hivyo huku nimesimama ndani ya mvua.

28 Aprili

Sijui ameanza kuniletea wateja. Mtu akiuliza lipi zuri, anasema, "Ngoja nimwite mwenyewe," kana kwamba mimi ndiye mhunzi ninayeyafua. Leo nimemchagulia mshona viatu aliyehamia nyumba yenye bustani, mama mmoja mjamzito anayetaka kukata migomba yake mwenyewe na mumewe hataki, na mzee wa mkono mmoja. Namuuliza kila mtu mambo matatu: utakatia nini, mkono upi, na una urefu gani. Mama mjamzito alinikumbatia. Nilirudi nyumbani nimechangamka, kisha nikafungua mlango.

3 Mei

Leo nilipomaliza kwa mwalimu nilitazama nyuma. Hakuna mstari hata mmoja, uwanja wote sawasawa. Mwalimu akasema, "Sasa ndiyo kazi."

Nilitakiwa kufurahi. Nimejisikia vibaya siku nzima. Miguu yangu imemsahau kabla yangu.

11 Mei

Nimegombana na wifi. Naandika na hasira yangu mkononi.

Nilikuwa napita barabara ya chini. Si kwa makusudi. Haya, kwa makusudi. Nikamwona wifi yangu ndani ya kitalu, amejifunga kitambaa kiunoni, anajaza udongo kwenye vifuko vya miche pamoja na yule mwanamke. Wanacheka! Yule mwanamke ni mwembamba, mdogo, ana sauti ya chini, sikumsikia alichosema, lakini wifi yangu alirusha kichwa nyuma akacheka vile anavyocheka kwangu, na mkono wake ukampiga yule begani. Mwenzangu sikumwona. Nilikaa nyuma ya gari la mchanga kama mwizi, kisha nikaja nyumbani.

Jioni akaja na viazi vyake. Nikamwambia avirudishe.

"Kumbe ndiyo maana unajua mpaka kikohozi chake!"

"Wifi, nisikilize."

"Kikulacho ki nguoni mwako. Umekula kwangu, umelia kwangu!"

"Nililia kweli!" Naye akapandisha sauti. "Yule ni kaka yangu. Tumezaliwa tumbo moja. Wewe unaweza kumwacha, mimi nitamwachia wapi? Nikienda kumsalimia nifumbe macho nisimwone mwanamke aliyenipa kiti?"

"Kwa hiyo ni mwema."

Akafunika viazi vyake.

"Sema. Ni mwema?"

"Si mbaya," akasema polepole. "Ningependa awe mbaya, wifi. Nilikwenda nikitafuta ubaya wake, nikakosa."

Afadhali angenipiga kofi. Tangu Machi nimekuwa nikimchora yule mwanamke kichwani ana meno ya mbwa. Kumbe anajaza udongo na kuwapa watu viti.

"Na kaka yako? Anasemaje kuhusu mimi?"

"Anakutaja. Wallahi anakutaja. Akiona mtu anafyeka vibaya anasema, mwenzangu asingefanya hivyo."

Nikamwacha avirudishe viazi. Lakini hilo neno la mwisho nimelibakiza. Anakutaja. Nimelala nalo kama mto.

12 Mei

Mvua kubwa. Ukuta wa jirani umeanguka. Wangu umesimama.

13 Mei

Nimempelekea wifi viazi, nimevinunua mwenyewe. Tumekula pamoja. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na yeye ana ngoma mbili, maskini.

21 Mei

Manyunyu.

24 Mei

Asubuhi jua, jioni manyunyu. Mwalimu kaniuliza kama nitampokea akirudi. Nikasema mara moja, kabla hajamaliza, ndiyo. Akatikisa kichwa. "Bila masharti?" Nikamwambia masharti ninayo tele, ila yote naanza kuyasema baada ya "karibu ndani." Akasema mapenzi ni ujinga. Nikamwambia, "Mwalimu, darasa hilo mimi ndiye wa kwanza." Alicheka, akanishika mkono ule uliovimba zamani, hakuuachia upesi.

30 Mei

Hakuna mvua. Kesho itakuwepo. Mawingu yapo.

1 Juni

Hakuna.

3 Juni

Ilidondoka kidogo asubuhi, nikatoka nikasimama chini yake. Nimegeuka. Nilikuwa naomba iishe, sasa naomba iendelee, iendelee mpaka mwakani. Ikiwa bado inanyesha, bado anafikiria.

6 Juni

Vumbi njiani. Masika yamekwisha, hakuna wa kubisha.

7 Juni

Nimesuka nywele. Nimefua pazia. Wifi kapita, kaona pazia linaning'inia, kaangalia chini. Sikumuuliza kitu. Nina haki ya siku moja.

8 Juni

Amekuja.

Alisimama nje akasema, "Hodi." Mtu hapigi hodi kwake. Nililisikia hilo na nikalipitisha haraka, nikajiambia ni adabu, ni aibu, ana haki ya kuona aibu. Nikasema, "Karibu." Akaingia akakaa kwenye kigoda cha karibu na mlango. Amenenepa kidogo. Kikohozi kimekwisha. Nilimpa chai, akaisifu, tukazungumza habari za mvua kama wageni wawili kituoni.

"Nasikia umekuwa bingwa wa mapanga," akasema.

"Wanasema hivyo."

"Nimekuja unisaidie kuchagua."

Nitaandika ukweli: nilifurahi. Ilikuwa furaha fupi, lakini ilikuwepo, na sitaikana. Nilidhani anataka kurudi kazini. Nikamwona kulia kwangu, bega kwa bega, kesho kutwa, kwa mwalimu.

"Lako limelika?" nikauliza, na sauti yangu ilikuwa inacheka.

Akatazama ndani ya kikombe. "Si langu. La mkono mdogo. La kutolea magugu katikati ya miche, na vijitawi. Yale mawili niliyoyachukua ni makubwa kwake. Juzi kidogo ajikate."

Basi likawa hilo. Hakusema sirudi. Aliahidi atakuja kuniambia, na alikuja, na akaniambia panga.

Ningeweza kumfukuza. Ningeweza kumpa maneno niliyoyaandaa tangu Machi, ninayo ya kutosha kujaza gunia. Lakini mdomo wangu uliuliza kile ninachomuuliza kila mtu.

"Ana urefu gani?"

Watu wote ninaowauliza hivyo kuhusu mtu mwingine huweka mkono hewani, mbali na mwili. Yeye aliuweka kifuani mwake, chini kidogo ya kidevu. Hakufikiri. Hapo ndipo kichwa cha yule mwanamke kinapofika akiegemea. Kichwa changu kilikuwa kinafika begani.

Nimekuwa nikisema moyo wangu umevunjika tangu mvua ya kwanza. Nilikuwa sijui nasema nini. Umevunjika leo, pale, kwenye ule mkono.

"Anatumia mkono upi?"

"Wa kushoto."

"Twende."

Tulikwenda dukani, mimi mbele yeye nyuma. Nilimshushia mapanga. Mume wangu anajua mapanga makubwa tu. Ningempa lolote angelipokea, lenye kuteleza, lenye chuma cha bati. Wazo hilo lilikuja likakaa kidogo, sidanganyi. Lakini nilikuwa nimeshaona panga baya linavyofanya, na yule mwanamke anawapa watu viti.

Nikachagua. Fupi, jembamba, ncha iliyopinda. Kipini nilikipima kwa vidole vyangu nikipunguza. Nililipinda, likarudi. Nililigonga, likaimba. Nikamwonyesha upande wa kulitia makali, maana wa mkono wa kushoto ukimnolea kama wa kulia panga linateleza na kuja mguuni. "Mwambie asilitumie kabla hujalinoa," nikasema. "Na mvua ijayo alifute likauke, asiliweke na matope." Alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi.

Sijui akachukua gazeti la kulifungia. "Hili dogo ni la nani?" akauliza. "Lako, mama, au lake?"

Mume wangu akatazama misumari. Niliona hatalisema. Angesimama pale mpaka duka lifungwe.

"La mkewe," nikasema mimi.

Nikampa nafasi anisahihishe. Nilimpa nafasi ya kutosha. Sijui alimaliza kufunga gazeti, akakaza kamba, akalikabidhi. Mume wangu akaliweka kwapani, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu afike, na macho yake yalikuwa na machozi, na yalikuwa na shukrani.

"Asante sana, dada," akasema.

Nikamjibu, "Karibu," kama ninavyowajibu wote.